Bwana Samaki na Breki za Tela

Ukimwamkia Bwana Samaki, hakuitikia papo hapo. Kwanza alikutazama kuanzia viatu, akapanda polepole hadi usoni, akachungulia nyuma yako kama kuna mwingine aliyejificha, ndipo akasema, "Marahaba. Umetumwa na nani?" Niliyasikia hayo miaka tisa mfululizo, na kuna watoto wa Basotu waliokua wakiamini kwamba "umetumwa na nani" ndiyo nusu ya pili ya marahaba. Mmoja alimjibu hivyo mwalimu mkuu, akafagia uwanja wa shule peke yake wiki nzima.

Wenzetu wana Bwana Shamba, wengine wana Bwana Mifugo. Sisi wa kando ya ziwa tulikuwa na Bwana Samaki, yaani ofisa uvuvi. Serikali ilimleta kutoka Kigoma kuja kulinda ziwa letu dhidi ya kokoro, ule wavu mrefu wa kukokota unaozoa hata samaki ambao bado hawajajifunza kuogelea. Mimi nilikuwa dereva wake. Nilivuta boti yake ya doria juu ya tela, mchana kutwa, halafu jioni nikawa mwanafunzi wake, maana alijitolea kutufundisha baiolojia katika lile darasa la jioni la watu wazima ambalo mimi nilihitimu nikiwa na ndevu na mke.

Alikuwa mrefu, mwembamba kama nguzo ya simu, na miwani yake ilishikiliwa masikioni kwa uzi wa kuvulia. Alivaa buti za mvua hata kiangazi. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Udongo wenu mweusi huu, leo umekauka, kesho umekumeza. Simwamini mtu anayebadilika hivyo." Alisema mtu, si udongo. Kwake kila kitu kilikuwa mtu, na kila mtu alikuwa na jambo.

Mama aliyemletea maziwa asubuhi alimzoea. Bwana Samaki alidondosha tone moja juu ya ukucha wa dole gumba, akalitazama likitambaa, akitafuta maji, akainua mkono kuelekea jua kama daktari anayesoma picha ya mbavu. Yule mama akamwambia, "Bwana Samaki, ng'ombe wangu haogelei." Akajibu bila kucheka, "Hao ndio wabaya zaidi, hunywa kwa siri." Akanunua maziwa. Alinunua kila siku. Alipima kila siku.

Darasani tulikuwa watu thelathini, na siku ya mtihani alikuja na mitihani thelathini. Nasema kweli, alikesha akiiandika kwa mkono. Mimi nilipewa figo, wa kulia kwangu mapafu, wa kushoto kwangu maisha ya chura. Kumchungulia mwenzako kulikuwa kama kuchungulia nyumba isiyo yako, unaona vitu vingi na hakuna hata kimoja kinachokufaa. Ila tulifaulu. Hakuna darasa la jioni lililofaulu baiolojia kama letu, pengine tangu dunia iumbwe, kwa sababu hatukuwa na njia nyingine isipokuwa kusoma.

Kipimo chake cha mambo alikiita Kabla, Baada na Katikati. "Dereva," alikuwa akiniambia, "usihangaike kutafuta mwizi. Tafuta hali ilikuwaje kabla. Tafuta ikawaje baada. Halafu uliza, katikati alipita nani?" Kalamu aliitoa nyuma ya sikio, akachora mistari mitatu kwenye daftari, na hapo mtu fulani mahali fulani alikuwa ameshaingia matatani.

Tusimcheke sana, maana mara nyingi alipatia. Siku moja tulikutana na pikipiki njia ya Getanuwas, imepakia mgonjwa katikati, amefunikwa blanketi hadi puani, kofia ya sufu kichwani. Mwendesha pikipiki alikuwa na huzuni ya kutosha misiba miwili. "Tunamkimbiza hospitali, mzee. Hali ni mbaya."

Bwana Samaki akainama, akamuuliza mgonjwa kwa upole, "Pole sana. Umetumwa na nani?"

Mgonjwa kimya.

"Ana homa?"

"Homa kali, mzee."

Akamgusa paji la uso. Lilikuwa na matundu. Mgonjwa alikuwa kokoro, limekunjwa vizuri, limevishwa kofia. Tangu siku hiyo, jamani, wagonjwa wa kweli walipata taabu kupita barabara ile.

Kwa hiyo usidhani nazungumzia mtu mbaya. Mlima Hanang ulipoteremsha tope likapita Jorodom, Bwana Samaki alikuwa na nyumba ya kupanga Katesh, mji wa wilaya yetu, upande ambao tope halikufika. Aliifungua milango yote. Alilaza humo watu kumi na wanne asiowajua, Waislamu kwa Wakristo, wenye magodoro na wasio na hata kandambili, yeye mwenyewe akalala katika ofisi moja ya halmashauri pale mjini, juu ya meza. Aliwapikia uji. Na kila asubuhi, baada ya chai, alihesabu vikombe.

Alivihesabu mbele yao, kwa sauti. Kulikuwa na fundi mmoja wa magari kati ya wale watu, mtu wa makamo, mpole, ambaye gereji yake ya Jorodom ilikuwa imezikwa na tope pamoja na spana zote. Asubuhi ya tatu alimwambia, "Mzee, vikombe vyako vyote vipo. Mimi ndiye niliyepungua."

Nilikuwepo. Bwana Samaki aliweka vikombe chini, akatoka nje, akakaa kwenye boneti la gari kwa muda mrefu. Juma lile lile aliandika barua halmashauri, akimwombea fundi yule aingizwe kwenye orodha ya mafundi wa kutengeneza magari ya serikali. Barua ilikubaliwa. Fundi akajenga banda jipya la mabati, akaazima vyombo, na kwa kuwa magari ya halmashauri hayakosi kuharibika, akasimama tena. Alipenda kusema, "Tope lilinitoa, barua ya mzee ikanirudisha." Kila fundi wa Katesh aliijua habari hiyo.

Lakini vikombe, kesho yake, Bwana Samaki alivihesabu kama kawaida.

Alikuwa na msemo wake, "Mtu mwema nampa kiti, simpi mgongo." Na kweli, hakuna aliyewahi kuuona mgongo wake. Msikitini alisali safu ya mwisho. Hotelini alikaa pembeni ukutani. Hata akikuaga alirudi kinyumenyume hatua nne tano, na mara moja alimwangukia mbuzi.

Sasa hizo breki.

Tela la boti lina breki zake lenyewe. Gari likipunguza mwendo, tela linalisukuma kwa nyuma, na msukumo huo ndio unaokaza breki zake, pedi mbili zikibana sahani ya chuma ndani ya gurudumu. Zetu zilikuwa zimechoka. Kwenye mteremko wa kushuka ziwani tela lilinisukuma kama fahali anayetaka kufika mnadani kabla ya mwenye fahali. Nikalipeleka Katesh kwa fundi yule yule. Kwa kawaida Bwana Samaki husimama juu ya kichwa cha fundi mwanzo hadi mwisho, lakini siku hizo alikuwa na semina Babati. Fundi akasafisha sahani, akafunga pedi mpya, nikalirudisha tela Basotu Jumamosi, taratibu, bila hata mlio wa panya. Uzio wa ofisi ulikuwa umeanguka, nikaliegesha nyumbani kwa mama yangu.

Jumatatu tukashuka nalo ziwani. Nikagusa breki.

Sijui niueleze vipi mlio ule. Chukua fisi, mkanyage mkia, mpe na kipaza sauti cha kanisani. Viboko waliinua vichwa wote kwa pamoja. Kule kwenye mashamba ya ngano dereva wa trekta alizima injini akidhani ni la kwake. Tulipofika ufukweni hapakuwa na mtu hata mmoja. Kulikuwa na kamba mbichi, alama za miguu, na sufuria ya ugali juu ya mafiga. Bwana Samaki alimega tonge, akalila.

"Wa moto," akasema. "Walitusikia."

Walitusikia, nani asingetusikia! Jumanne ikawa vilevile, tena mbaya zaidi. Mama mmoja anayekaanga samaki pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, alituuliza, "Bwana Samaki, siku hizi mmefunga king'ora?" Watu wakacheka. Jina likashika, king'ora cha serikali. Wenye makokoro hawakuwa na haja tena ya kuweka mlinzi juu ya kilima. Tulikuwa tunawaamsha wenyewe, wakunje nyavu, wanawe uso, watusubiri na salamu.

Bwana Samaki alitoa kalamu sikioni. Mistari mitatu.

"Kabla ya gereji, tela lilikuwa na kelele?"

"Hapana, mzee. Lilikuwa halina breki, lakini halina kelele."

"Baada ya gereji?"

"Mzee, lakini njia nzima kutoka Katesh lilikuwa kimya. Mimi ndiye niliyelivuta."

"Sumu nzuri haiui siku ya kwanza," akasema. "Katikati alipita nani?"

Nikajifanya nakagua tairi.

"Taja."

"Fundi, mzee."

"Fundi," akarudia, akaandika, akapigia mstari. "Wamemnunua. Mtu aliyelala kwenye kitanda changu. Tena kitu chenyewe cha akili. Angetoboa boti ningejua, angekata waya ningejua. Amenifunga kengele, dereva. Kama paka!"

Jioni ile akanisomea barua. Alinisomea kwa sababu nilikuwa nimefaulu Kiswahili vizuri, kisha akanipa nimwangalizie herufi. Ilikuwa fupi na safi. Ilisema fundi huyu si mwaminifu, ameshirikiana na wavuvi haramu kuhujumu doria, aondolewe kwenye orodha ya mafundi wa halmashauri. Barua moja ilimwingiza, hii ya pili ingemtoa, na akitoka hapo hakuna gari lingine ambalo lingesimama mbele ya banda lake. Nani amkabidhi gari fundi aliyekataliwa na serikali? Fundi alijenga upya kwa mikono mitupu, sasa karatasi moja ingemfukia kuliko tope.

"Nitaipeleka Ijumaa," akasema Bwana Samaki. "Alhamisi namwita aje hapa, afungue gurudumu mbele ya watu. Nataka nimwone usoni."

Nikamwambia herufi zote ziko sawa.

Ninachowaambia sasa sikumwambia siku hiyo. Jumanne ile, tuliposhuka mara ya pili, magurudumu yalitoa moshi kidogo, na moshi ule uliingia dirishani ukanigonga puani. Haukuwa moshi wa mpira wala wa chuma. Ulikuwa unanukia kama jikoni siku ya sikukuu. Tumbo langu lilinguruma kabla ya akili yangu kuelewa, halafu akili ikaelewa.

Siagi.

Mama yangu ni mtu wa milima ya Mbulu, ameolewa huku Basotu miaka mingi lakini mikono yake haijahama. Kwao kitu kilichofunguliwa na mgeni na kufungwa tena hakiingii kazini hivihivi. Ng'ombe aliyetibiwa, mtoto aliyetoka hospitali, mlango uliong'olewa ukarudishwa, vyote hupakwa siagi ya kibuyu pale mkono wa mgeni ulipogusa, ili kitulie, kisahau mikono ya watu. Jumamosi ile nilipoegesha tela uani, alikuja na kibuyu chake na unyoya wa kuku.

"Fundi alishika wapi?" akaniuliza.

Nami, mhitimu wa baiolojia, nikamwonyesha! Kwa kidole! Nikamwambia, hapa alifungua nati, na humu ndani, mama, kwenye hii sahani inayong'aa, humu ndimo alimofanya kazi yote. Mama akapitisha unyoya katika matundu ya rimu, akaipaka sahani vizuri, pande zote, gurudumu moja baada ya jingine, huku akinong'ona maneno mema. Nilikuwa nacheka. Nilimwambia hata gari la rais halijapata huduma hiyo.

Kwa hiyo nilijua tangu Jumanne, na Jumanne sikusema. Ningesemaje? Kwa mtu yule? Angeandika jina la mama yangu kwenye mstari wa Katikati, halafu angeniuliza mimi nimetumwa na nani. Nikajipa moyo kwamba Alhamisi fundi atafungua, ataona, ataeleza, na mambo yataisha bila mimi. Jumatano Bwana Samaki alipanda basi kwenda Katesh kuchukua dawa ya macho, nikashukuru Mungu kwa siku moja ya kupumua.

Alhamisi fundi alikuja na pikipiki, mfuko wa spana begani. Hakujua anaitiwa nini. Alimsalimia Bwana Samaki kwa furaha, "Shikamoo mzee wangu!"

Safari hii hakuulizwa katumwa na nani. Aliambiwa tu, "Fungua."

Watu walikuwa wamejaa mwaloni, wavuvi, wachuuzi, hata yule mama wa samaki wa kukaanga alikuwa ameacha mafuta yakiungua. Fundi akatoa gurudumu la kwanza. Akachomoa pedi, akazigeuza kwenye jua. Zilikuwa zinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Akapitisha kidole kwenye sahani, akanusa. Akanusa tena.

"Mzee, humu mmepakwa mafuta."

"Mmepakwa?" Bwana Samaki akasogea. "Wewe ndiye uliyefunga hiki kitu."

"Pedi nilizifunga kavu, mzee. Breki haipakwi mafuta, hata mtoto anajua. Mafuta yakiungua hapa yanakuwa kama kioo, ndiyo maana inalia."

"Sikilizeni wote!" Bwana Samaki akawageukia watu. "Anajua dawa, anajua inavyofanya kazi, anajua na sababu ya kelele. Mimi sijasema kitu. Amejieleza mwenyewe."

"Mzee..."

"Walikupa nini?"

"Mzee, nimelala kwako. Nimekunywa uji wako."

"Ndiyo maana nauliza. Walikupa nini kilichozidi uji?"

Fundi alibaki na ile pedi mkononi. Alitazama watu mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakaangalia ziwani. Kijana mmoja mwenye kokoro, namjua, alikuwa anatabasamu. Hapo ndipo miguu yangu ilipotembea yenyewe.

"Mzee, ni sisi. Ni siagi. Ni mama yangu alipaka, mimi nikamwonyesha pa kupaka."

Bwana Samaki alinitazama kuanzia viatu. Akapanda. Ilimchukua muda.

"Na wewe?" akasema taratibu. "Wewe wamekupa nini?"

Tukaenda kwa mama. Tuliandamana, nadhani nusu ya Basotu, Bwana Samaki mbele na daftari, fundi nyuma na pedi yake. Mama alikuwa anachambua maharage. Huyo ndiye mtu pekee hapa kijijini ambaye Bwana Samaki alimtangulizia shikamoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na mkutano?"

"Mama, kuna mtu alipaka kitu kwenye tela la serikali?"

"Ni mimi."

Hakusita hata kidogo. Alisema kama mtu anayeulizwa nani kapika.

"Nani alikutuma?"

Mama akaweka ungo chini. "Nitumwe na nani nyumbani kwangu? Limekuja limeshikwashikwa, limelala uani kwangu, nikalipaka. Na wewe ulipohamia hapa, siku ya kwanza, nilipaka kizingiti cha ofisi yako. Hukuona kinateleza?"

Watu wakacheka sana. Bwana Samaki hakucheka. Aliomba kibuyu. Akatia kidole, akanusa, akanusa pedi ya fundi, akanusa tena kibuyu. Alifanya hivyo mara nne. Halafu akafunga daftari.

"Basi," akasema. "Yameisha."

Hayo tu. Hakusema samahani. Fundi alisugua sahani kwa msasa na petroli pale pale uani, akafunga pedi nyingine, mama akimtazama kwa makini lakini kibuyu kikiwa kimefungwa, na tela likashuka ziwani kimya kama mwizi. Juma lililofuata tulimkamata yule kijana wa kutabasamu akiwa na kokoro lake mikononi, na bado mdomo haujafunga. Mimi niliona dunia imenyooka. Nilidhani barua imechanwa Alhamisi ile ile, maana Ijumaa Bwana Samaki hakwenda popote, nilikuwa naye kutwa.

Lakini baada ya mwezi mmoja hivi magari ya halmashauri yaliacha kwenda kwa fundi. Kwanza moja, halafu yote. Nilimuuliza fundi, akasema hajui, labda wamepata mwingine, labda ni mambo ya wakubwa. Nilimuuliza Bwana Samaki, akanitazama viatu na asiendelee juu. Alianza kusafiri kwenda Katesh kila alipopata nafasi, mara macho, mara meno, mara kiuno. Nilisema moyoni, mtu huyu anabomoka kama nyumba ya udongo. Kisha muda wake wa kustaafu ukafika, tukamfanyia pilau, akaondoka kinyumenyume hadi kwenye gari, na kwa karibu mwaka sikumwona tena.

Nilimwona siku ya mnada wa Katesh. Nilikuwa nimepeleka gari la watu kubadilishiwa belti, kwa fundi yule, ambaye sasa alikuwa anaishi kwa pikipiki na malori ya ngano yaliyopita kwa bahati. Banda lilikuwa limejaa. Bodaboda watatu, dereva wa lori, mama wa duka la vipuri la jirani, na katikati yao mzee mrefu, fimbo mkononi, amesimama. Aliletewa ndoo ya kukalia, akaikataa.

"Shikamoo, Bwana Samaki."

"Marahaba," akasema. Nikasubiri. Hakuongeza neno.

Fundi alikuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana. Bwana Samaki akazungumza na ile miguu.

"Ile barua niliipeleka Jumatano," akasema. "Nilimwambia dereva Ijumaa, lakini niliipeleka Jumatano, kabla hujafungua gurudumu. Niliogopa nikikuona Alhamisi nitakuonea huruma nisiipeleke. Sikujiamini hata mimi."

Miguu chini ya lori ilitulia.

"Nimekwenda kuiomba mara saba. Wananiambia barua iliyogongwa muhuri hairudi, mzee, andika nyingine. Nikaandika. Wakasema ofisa amehama. Nikaandika tena. Sasa wamepokea, wamekurudisha kwenye orodha, nakala hii hapa. Lakini maneno ya ile ya kwanza watu waliyasikia mdomoni mwangu, pale mwaloni. Kwa hiyo na hii nimekuja kuisoma."

Akatoa karatasi. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti ya darasani kwamba fundi huyu hakuchukua kitu kwa mtu yeyote, kwamba alifunga breki inavyotakiwa, kwamba aliyeandika alimshtaki mtu kabla ya kumuuliza, mtu aliyekula naye, na kwamba kosa lote ni la mwandishi. Bodaboda waliacha kuchezea simu. Mimi nilikuwa natazama ardhi kwa bidii, kwa sababu ile barua ya kwanza ndimi niliyemwambia herufi zote ziko sawa.

Alipomaliza, fundi alisema kutoka chini ya lori, bila kutoka.

"Mzee, soma tena. Mama wa vipuri alikuwa na mteja, hakusikia."

Mama wa vipuri alikuwa amesikia kila neno. Lakini akasogea, akafunga mikono kifuani, akasema, "Kweli, sikusikia."

Bwana Samaki akasoma tena, mwanzo hadi mwisho, polepole zaidi. Jasho lilikuwa linamtiririka chini ya miwani. Alipofika mwisho fundi alijivuta akatoka, mweusi kwa grisi hadi kope, akakaa palepale chini akimtazama kutoka huko. Ng'ambo ya barabara mtu aliwasha mashine ya kusaga, ikanguruma mji mzima.

"Mara ya tatu, mzee," fundi akapaza sauti. "Kuna mafundi wenzangu kule ng'ambo. Hao ndio walioniuliza nilipewa nini."

"Hawatasikia, mashine imewashwa."

"Basi subiri izimwe."

Alisubiri. Sisi sote tulisubiri naye, dereva wa lori na lori lake, mimi na belti yangu. Hakuegemea kitu. Alitupa mgongo sote, akageukia ng'ambo ya barabara, karatasi ameishika kwa mikono miwili isipeperuke. Mashine ilipozimwa, mafundi wa ng'ambo walikuwa wameshasimama milangoni mwao wakitazama kuna nini. Bwana Samaki akakohoa, akaanza upya, akajitaja kwa jina lake kamili, majina yote matatu.